Matini na Sura Yake: Dirisha la Kuhariri na Upatanisho wa Kisarufi katika Upangaji wa Kurasa za Kiswahili



1. Utangulizi

Wengi wenu mnanifahamu kwa kazi za mofolojia ya Kiswahili na za lugha za Bonde la Ufa, na huenda mlitarajia nizungumzie viambishi. Nitavizungumzia, lakini nitavifikia kwa njia ya dirisha. Nakusudia lile dirisha dogo linalofunguka ndani ya programu za kompyuta za kupangia kurasa za vitabu na magazeti, ambamo mhariri huyaona maneno peke yake, yakiwa yamevuliwa safu, picha na mapambo ya ukurasa. Katika mhadhara huu nitaliita dirisha la kuhariri matini.

Istilahi hiyo imeundwa na maneno ambayo lugha yetu ilikuwa nayo kabla ya kompyuta. Dirisha tumelipokea kutoka Kiajemi, na kuhariri kutoka Kiarabu. Mwaka 2004, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi katika Kiswahili, ilidhihirika kuwa lugha hii ina uwezo wa kuitaja mashine kwa maneno ambayo msomaji wa kawaida anayaelewa. Kwa hiyo tatizo letu leo si ukosefu wa istilahi. Tatizo ni kwamba chombo tunacho, jina lake tunalo, ila wengi wetu hatukitumii, na Kiswahili kinadhurika kwa sababu hiyo.

Hoja yangu kuu ni hii: kwa kuwa sentensi ya Kiswahili imefungwa kwa upatanisho wa kisarufi, badiliko la neno moja haliishii katika neno hilo. Mhariri anayebadili nomino juu ya ukurasa uliokwisha kupangwa, bila kuiona matini kwa ukamilifu, huacha nyuma viambishi yatima. Hoja hii sikuipata katika vitabu. Niliipata Babati, na niliilipia.

2. Kisa cha Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uko kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya mlima Kwaraa. Kwa mwanaisimu, pale ni mahali pa neema. Wagorowa ndio wenyeji wa sehemu hiyo, na lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa karibu wa Kiiraqw. Wapo Warangi na Wambugwe, wenye lugha za Kibantu. Wapo Wadatooga, wenye lugha ya Kiniloti. Ukisafiri masafa yasiyo makubwa unawafikia Wasandawe na Wahadza, ambao lugha zao zina vidoko. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote hawa sokoni, shuleni, ibadani na barazani kwa mtendaji wa kata.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wanafunzi wangu tulikusanya ngano za wazee katika vijiji vinavyouzunguka mji huo. Tuliziandika kwa Kiswahili, tukiacha humo maneno ya Kigorowa pale ambapo msimulizi mwenyewe aliyatumia. Tulipata kijitabu cha kurasa 48. Fedha zetu zilikuwa chache, kwa hiyo kazi ya kupanga kurasa tuliipeleka kwenye duka la vifaa vya kuandikia na huduma za kompyuta hapo mjini, ambako siku hiyohiyo hutengenezwa kadi za harusi, ratiba za mazishi na mitihani ya majaribio ya shule za msingi. Binti aliyetuhudumia alikuwa na mikono myepesi na adabu nyingi.

Mzee mmoja, ambaye ngano yake ilikuwa ya mwisho katika kijitabu, alisomewa rasimu, akasema tumekosea. Katika ngano yake watu hawakugombea kisima, waligombea ziwa. Aidha, aliongeza sentensi mbili kuhusu wazee walioketi kuamua shauri. Nilirudi dukani, nikamwomba binti abadili "kisima" kuwa "ziwa" kila mahali na kuziingiza sentensi mbili hizo. Alifanya kazi hiyo mbele ya macho yangu, juu ya ukurasa wenyewe, akiwa ameupunguza hadi uenee wote kwenye kioo. Kwa kipimo hicho maneno yalikuwa madogo kama sisimizi. Baada ya dakika chache akaniambia, "Tayari, mama, nimeshabadilisha zote." Nikatazama, nikaona ukurasa umependeza, nikatia sahihi. Zikapigwa chapa nakala 300.

Tulipompelekea mzee nakala yake, mjukuu wake alimsomea kwa sauti. Makosa yalianza kujitokeza moja baada ya jingine. Mwishoni mwa ukurasa wa 46 tulikuwa tumeandika, "Wakakirudia kisima", na juu ya ukurasa wa 47, "kile kilichowanywesha babu zao." Sasa ilisomeka, "Wakakirudia ziwa kile kilichowanywesha babu zao." Mtoto alikwama, akairudia, akacheka. Mahali pengine tuliandika "visima vya kijiji", na huko, kwa kuwa mashine ilikuwa imeamriwa kubadili pia wingi, ilisomeka "maziwa vya kijiji". Hata kama upatanisho ungesahihishwa kuwa "maziwa ya kijiji", msomaji angeuliza kama waligombea maji au walikuwa wanakamua.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Lililofuata halikuwa hivyo. Sentensi mbili zilizoongezwa zilizisukuma chini sentensi tatu za mwisho, na sanduku la ukurasa wa 48 halikuwa na nafasi ya kuzipokea. Hazikufutwa, zilikuwa bado ndani ya faili, lakini hazikuonekana kwenye karatasi. Katika ngano ya mzee, tajiri mmoja anazungushia ziwa uzio wa miiba, kisha wazee wanakutana na kuamua kwamba maji ya kunywesha hayana mwenyewe, na uzio unang'olewa. Kijitabu chetu kilikoma kwenye uzio. Katika nchi ambako wakulima na wafugaji hupelekana mahakamani kwa sababu ya njia ya ng'ombe kwenda majini, tulikuwa tumechapisha nakala 300 za ngano inayosema kwamba mwenye uzio ndiye mshindi.

Mzee hakukasirika. Aliuliza tu, "Mwalimu, mbona hii mmeiacha njiani? Mtoto akiisikia hivi, mimi nitamwambia nini?"

Nilitamani kumlaumu yule binti, lakini sahihi iliyoruhusu uchapaji ilikuwa yangu. Mimi, niliyefundisha ngeli za nomino kwa zaidi ya miaka thelathini, nilimwagiza mtu abadili nomino peke yake.

3. Historia fupi ya kutenganisha matini na sura

Ili tuelewe kosa hilo lilivyowezekana, ni vyema tutazame nyuma kidogo. Katika uchapaji wa herufi za risasi, ambao Edward Steere na vijana aliowafundisha waliufanya Zanzibar katika karne ya 19, na ambao baadaye ulitoa magazeti kama Mambo Leo kuanzia mwaka 1923, herufi zilipangwa mojamoja, mstari baada ya mstari. Katika viwanda vya chapa vya aina hiyo ilikuwa desturi, kabla kurasa hazijagawanywa, kutoa prufu ndefu: utepe wa karatasi wenye matini mfululizo, bila namba za kurasa wala picha. Msahihishaji aliisoma prufu hiyo kwa ajili ya lugha. Baadaye ndipo kurasa ziligawanywa, ikatolewa prufu ya pili kwa ajili ya sura. Palikuwa na kusoma mara mbili, kwa sababu palikuwa na vitu viwili vya kusomwa.

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus nchini Marekani ilitoa PageMaker, programu iliyomwezesha mtu mmoja kupanga kurasa mezani pake. Faida yake haina kifani: parokia, chama cha ushirika au idara ndogo ya chuo iliweza kutoa jarida bila kiwanda. Hata hivyo, hatua mbili za zamani zilisongamana zikawa moja. Mwandishi, mhariri, mpangaji na msahihishaji walikaa kiti kimoja, wakitazama ukurasa uliokwisha kupambwa. Ukurasa uliopambwa una hila yake: huonekana umekamilika hata kabla haujasomwa.

Waundaji wa programu waliliona jambo hilo mapema. Toleo la nne la PageMaker, la mwaka 1990, lilileta dirisha la pekee la kuhariri matini, na kazi za kutafuta neno na kukagua tahajia zilifanyika humo. Aldus ilinunuliwa na Adobe mwaka 1994, na baada ya toleo la saba la mwaka 2001 PageMaker haikuendelezwa tena. Mrithi wake, InDesign, alipata dirisha kama hilo katika toleo la mwaka 2003. Scribus, programu huria ambayo haina malipo na ambayo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo inalo. Kwa maneno mengine, dirisha hili ni prufu ndefu ya zamani iliyorudishwa ndani ya mashine. Ni desturi ya kale ya wapiga chapa waliojua kwamba jicho haliwezi kuhukumu urembo na maana kwa wakati mmoja.

4. Dirisha linavyofanya kazi

Kwa faida ya wanafunzi ambao hawajalitumia, nitalieleza kwa ufupi. Katika programu hizi matini hukaa ndani ya masanduku yaitwayo fremu. Matini ndefu hupita katika fremu nyingi zilizounganishwa mithili ya mnyororo: ikijaa ya kwanza, maneno humiminikia ya pili. Mhariri huchagua fremu mojawapo, kisha hulifungua dirisha: katika Scribus kwa kubonyeza Ctrl na T, katika InDesign kwa Ctrl na Y. Hapo matini yote ya mnyororo huo hujitokeza mfululizo, kwa herufi za ukubwa unaosomeka kwa raha, hata kama ukurasani ni ndogo mno au zimewekwa juu ya picha. Pembeni kushoto kuna safu inayotaja mtindo wa kila aya: kichwa, aya ya kawaida, dondoo. Katika Scribus, chini kabisa huonekana hesabu ya aya, maneno na herufi.

Kuna tofauti moja ambayo ni lazima ijulikane. Katika InDesign, unachokiandika dirishani hubadilika papo hapo ukurasani. Katika Scribus, badiliko hubaki dirishani hadi mhariri aamuru lipelekwe kwenye fremu, au alifunge dirisha kwa kulikubali. Asiyejua hilo anaweza kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kulifunga dirisha kwa njia isiyofaa. Lakini anayejua hupata uhuru wa kujaribu sentensi kwa namna tatu kabla ya kuugusa ukurasa.

Lililo kubwa zaidi kwa kisa chetu ni furiko, yaani maneno yaliyozidi uwezo wa fremu ya mwisho. Ukurasani, furiko hutangazwa kwa alama ndogo tu kwenye pembe ya chini ya fremu, na alama hiyo haitokei kwenye karatasi iliyochapwa. Dirishani, maneno yaliyofurika yanasomeka kama maneno mengine yote, na InDesign huyawekea mstari mwekundu pembeni. Laiti ningelifungua dirisha lile Babati, ningeziona sentensi tatu za mzee zikiwa zimesimama nje ya mlango.

5. Upatanisho na hatari ya kubadili neno moja

Sasa nirejee kwenye fani yangu. Chukua sentensi hii:

Kisima kile kikubwa cha kale kilikauka.

Tukiweka "ziwa" mahali pa "kisima", tunapata:

Ziwa lile kubwa la kale lilikauka.

Sentensi ina maneno sita, na matano kati yake yamebadilika. Kiingereza kingebadili nomino tu na kuyaacha mengine yalivyo. Programu hizi zilibuniwa na watu ambao kwao neno ni tofali: unaling'oa moja, unapachika jingine, ukuta unabaki. Kwetu sisi, nomino ni mwenye nyumba; akihama, jamaa wote wanahama naye.

Tena, upatanisho hauishii kwenye sentensi moja. Katika aya iliyofuata ya ngano yetu palikuwa na "walikilinda usiku na mchana", na aya nyingine baadaye, "hawakuwa nacho tena." Hakuna "kisima" katika sentensi hizo. Mashine iliyoagizwa kutafuta "kisima" haina njia ya kujua kwamba -ki- ya "walikilinda" na -cho ya "nacho" ni vivuli vya nomino iliyokwisha kuondoka. Wala haiwezekani kuiamuru mashine ibadili kila "ki" kuwa "li", kwa maana "ki" ni mwanzo wa "kijiji" na "kisha", ni alama ya masharti na ya wakati katika "wakikaa", na ni namna katika "kizee". Kiambishi hakijulikani kwa umbo lake pekee. Kinajulikana kwa kile kinachokirejelea. Kukijua kunahitaji kusoma.

Ndipo faida ya dirisha inapodhihirika. Ukurasa huikata matini kwa sababu za nafasi: mstari ukijaa, safu ikiisha, ukurasa ukigeuzwa. Mikato hiyo haina uhusiano wowote na sarufi. Nomino inaweza kubaki ukurasa wa 46, na vivumishi na kitenzi chake vikaangukia wa 47. Jicho la mhariri anayetazama ukurasa mmoja halitauona uhusiano uliokatwa. Dirishani, mnyororo wa upatanisho unaonekana wote pamoja, kama ulivyokuwa kinywani mwa msimulizi.

6. Ritifaa, mkwaju na herufi zilizo hatarini

Jambo la pili ni alama ndogo. Tahajia ya Kiswahili inatofautisha ng na ng' kwa ritifaa. Tofauti hiyo si pambo: ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi yake, ilhali ngoa ni wivu au tamaa. Mpangaji anayeona alama za kunukuu zimechanganyika, nyingine zimenyooka na nyingine zimepinda, hushawishika kuzisawazisha zote kwa amri moja. Akizifuta kwa bahati mbaya, ng'ombe wote wa kitabu wanakuwa "ngombe", na uzio wa mzee wetu "unangolewa". Isitoshe, zipo programu zinazoihesabu ritifaa kuwa mpaka wa neno, zikalipasua "ng'ombe" kuwa maneno mawili na kuyatilia shaka yote mawili wakati wa kukagua tahajia.

Kwa lugha jirani za Babati hatari ni kubwa zaidi. Katika tahajia ya Kiiraqw iliyotumiwa na Maarten Mous katika sarufi yake ya mwaka 1993, ritifaa huwakilisha kituo cha koo, kama katika ma'ay, yaani maji, na do', yaani nyumba; na mkwaju, alama hii "/", huwakilisha konsonanti ya koromeo. Mpangaji asiyeijua lugha hiyo ataona mkwaju mwanzoni mwa neno akadhani kidole kiliteleza, atauondoa. Programu nayo inaweza kuukubali mkwaju kuwa mahali halali pa kukata mstari, konsonanti ikabaki peke yake juu na neno lake likashuka chini. Kuhusu Kigorowa chenyewe, kazi za utafiti bado ni chache. Tasnifu ya Andrew Harvey kuhusu nomino ya lugha hiyo iliwasilishwa London katika SOAS mwaka 2018 tu. Kwa lugha yenye maandishi machache kiasi hicho, kosa la chapa halisahihishwi na wingi wa vitabu vingine. Msomaji atakayekuja kesho anaweza kulipokea kosa hilo kuwa ndiyo tahajia.

Hapa pia dirisha linasaidia, kwa kuwa mhariri anaweza kuchagua fonti pana inayozitofautisha alama hizi, hata kama ukurasa unatumia fonti nyingine. Lakini halitamsaidia asiyejua anachokitafuta. Kwa hiyo kila mswada wenye maneno ya lugha za jamii uende kwa mpangaji ukiambatana na orodha fupi ya alama zisizoguswa.

7. Kukata neno mwishoni mwa mstari

Jambo la tatu halionekani dirishani kabisa, nami nalitaja ili nisionekane kulipigia debe dirisha kupita kiasi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Kwa sababu hiyo ukataji wetu ni mwepesi: ki-ta-bu, ma-ne-no, ng'o-mbe. Programu ikiachwa iamini kwamba matini ni ya Kiingereza, itakata kwa kanuni za Kiingereza, nasi tunasoma "wan-afunzi" na "kit-abu", kama nilivyokuta katika majarida yetu ya kitaaluma. Aidha, m ya "mtu" ni silabi kamili, lakini kuiacha peke yake mwishoni mwa mstari kunamkwaza msomaji. Dawa ni kuiambia programu lugha ya matini, au kuuzima ukataji wa kiotomatiki endapo kanuni za Kiswahili hazimo, kisha kuikagua mistari ukurasani.

8. Pingamizi

Najua baadhi yenu mna pingamizi. Mtasema kwamba maana haitengani na sura, na kwamba shairi lisiloonyeshwa mizani na vipande vyake si shairi. Nakubaliana nanyi. Utenzi ukisomwa dirishani hupoteza mpangilio wake, na mhariri anaweza kuharibu ubeti bila kujua. Mtasema pia kwamba mswada ungehaririwa vizuri katika programu ya kuandikia kabla ya kupangwa, dirisha lisingehitajika. Hilo ni kweli katika nadharia. Katika uzoefu wangu, hakuna mswada uliowahi kufika kwenye kurasa ukiwa umekwisha. Mwandishi hukumbuka, mtoa taarifa husahihisha, mfadhili hutaka jina lake litangulie. Mabadiliko ya mwisho huja wakati kurasa zimepangwa, na ndiyo yanayofanywa kwa haraka kuliko yote.

Kwa hiyo sisemi kwamba dirisha lichukue nafasi ya ukurasa. Nasema tuzirudishe zile prufu mbili. Tusome mara moja kwa ajili ya matini, dirishani, bila kujali sura. Kisha tusome tena kwa ajili ya sura, ukurasani, na ikiwezekana kwenye karatasi.

9. Hitimisho

Tangu siku ile, mimi na wanafunzi wangu tunafuata utaratibu wa hatua nne. Kwanza, hatumpi mpangaji agizo la kubadili neno. Tunampa sentensi nzima iliyokwisha kusahihishwa. Pili, kila badiliko huingizwa kupitia dirisha la kuhariri, na aya ya kabla na ya baada husomwa kwa sauti. Tatu, tunashuka hadi mwisho wa dirisha na kulinganisha maneno ya mwisho yaliyomo humo na maneno ya mwisho ya ukurasa. Nne, aliyesimulia au mtu wa lugha yake husomewa kabla sahihi haijatiwa. Hatua ya tatu haichukui hata dakika moja. Ndiyo ingeliokoa ngano ya mzee.

Mtauliza tulizifanyaje nakala 300. Hatukuwa na fedha za kurudia chapa. Tulichapa vipande vidogo vya karatasi vyenye ukurasa wa mwisho uliosahihishwa, tukakaa wanafunzi sita na mimi, tukavibandika kwa gundi kimoja kimoja. Yule binti wa dukani alikuja jioni baada ya kufunga kazi, akaketi nasi na kubandika, ingawa hakuna aliyemwita. Nilimwomba radhi kwa agizo langu bovu. Naye akaniomba nimwonyeshe dirisha lile lilipo. Kumbe lilikuwa katika programu yake siku zote.

Wanafunzi wapenzi, wengi wenu hamtakuwa maprofesa. Mtakuwa walimu, wahariri wa magazeti, makatibu wa vyama, watayarishaji wa vitabu vya shule. Mtapewa kompyuta na maneno ya watu wengine. Katika mofolojia tunawafundisha kwamba kiambishi kidogo hubeba uhusiano wote wa sentensi. Nawasihi mchukue somo hilo hadi kwenye meza ya uchapaji, kwa sababu huko ndiko Kiswahili kinakopata umbo ambalo mamilioni ya wasomaji wataliamini.

Mzee alipopelekewa nakala iliyobandikwa, mjukuu wake alisoma tena hadi mwisho. Uzio uling'olewa, kwa ritifaa yake. Mzee alipapasa kile kipande cha karatasi kwa kidole gumba kuona kama kimeshika, kisha akasema, "Sasa mnaweza kumpa mtoto."